Jinsi ya kupima dalili za mtikisiko wa ubongo kwa wanamichezo wa chuo, upande kwa upande

Kila msimu unapoanza, maswali ni yale yale. Wasaidizi wapya wa timu wanauliza, wanafunzi wanaofanya utafiti wao wa kwanza wanauliza. "Amepata 24, ni nyingi?" "Juzi 18, leo 18, kwa hiyo hajabadilika?" "Kajaza sifuri kila mahali, arudi uwanjani?" Nimeona bora niandike mara moja.

Chukua wachezaji wawili, wote siku ya tatu tangu wagongwe, wote wana jumla ya 24 kati ya 132 kwenye orodha ya dalili 22, kila moja ikipewa 0 hadi 6. Wa kwanza kichwa kinamgonga, mwanga unamuumiza, akigeuka haraka anayumba, lakini analala vizuri na moyo umetulia. Wa pili kichwa hakimsumbui sana, ila usiku anakesha, machozi yako karibu, na tangu jana anamfokea mwenzake wa chumba. Ukiandika 24 tu kwenye faili, umewafanya kuwa mtu mmoja. Anayehitaji kuangaliwa macho na mizani ni mmoja, anayehitaji mtu wa kuzungumza naye ni mwingine, na ile 24 haikuambii yupi ni yupi.

Mwongozo huu ni wa kupima na kuandika. Kusema "huyu ana mtikisiko wa ubongo" au "huyu amepona" ni kazi ya daktari au mtaalamu mwenye kibali cha kazi hiyo. Namba zako zinamsaidia, hazimwondoi.

Vitu vya kuwa navyo

- Fomu ya SCAT6, ile ya kimataifa ya kupima mtikisiko wa ubongo kwa wanamichezo, toleo lililochapishwa 2023 kufuatia mkutano wa wataalamu wa Amsterdam wa 2022. Ni ya wenye umri wa miaka 13 na kuendelea, na ndani yake mna orodha ya dalili 22. Inafaa zaidi ndani ya saa 72 za mwanzo, na inaweza kutumika hadi siku 7. Baada ya hapo kuna dada yake, SCOAT6, iliyotengenezwa kwa ajili ya kliniki.
- Dodoso za PHQ-9 (ya sonona) na GAD-7 (ya wasiwasi) kwa upande wa hisia.
- Simu yenye stopwachi na metronomu (programu ya kupiga mdundo).
- Rula au futi ya kupimia sentimita, na kijiti chenye herufi moja ya ukubwa wa pointi 14.
- Chumba kimya chenye viti viwili na sakafu ngumu.
- Ridhaa ya mchezaji kwa maandishi, ikisema wazi nani ataona majibu yake.
- Namba ya simu ya daktari wa timu, na njia ya kufika hospitali hata siku ya mapumziko.

Kama hicho cha mwisho huna, usianze.

Hatua

1. Ondoa hatari kwanza. Kabla ya fomu yoyote, angalia: maumivu ya shingo, kuona vitu viwiliviwili, mkono au mguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi, kuzimia, degedege, kutapika, kichwa kinachozidi kuuma, fahamu zinazopungua, fujo au kuchanganyikiwa kunakoongezeka, fuvu kubonyea. Kimoja tu kinatosha: weka kalamu chini, ita gari la wagonjwa, na kama shingo inauma asisogezwe na mtu asiyejua. Hata asipokuwa na hayo, ukishuku tu, anatoka mchezoni na harudi siku hiyo. Asiachwe peke yake, asiendeshe gari, asinywe pombe.

2. Chukua kipimo cha msingi kabla ya msimu. Hiki ndicho utakacholinganisha nacho baadaye. Kijana mzima kabisa anaweza kuwa na alama kadhaa: amelala vibaya, ana wasiwasi wa mtihani, shingo inamuuma kwa mazoezi ya uzito. Andika pia historia yake: amewahi kupata mtikisiko mara ngapi, ana kipandauso, ana tatizo la umakini la ADHD, amewahi kutibiwa msongo au wasiwasi, anatumia dawa gani, jana usiku alilala saa ngapi. Haya yote husogeza alama hata kabla hajagongwa. Kwa wastani wanawake hutaja dalili nyingi zaidi kuliko wanaume kwenye kipimo cha msingi, hivyo usimlinganishe msichana wa mpira wa kikapu na wastani wa timu ya wavulana ya raga.

Makosa hapa ni mengi kuliko hatua nyingine yoyote. Usipime wiki ya mitihani. Usipime mara tu baada ya mazoezi. Na usipime timu nzima ukumbini. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo: viti vimebanana, nahodha kamaliza wa kwanza kwa dakika moja, sifuri tupu. Karatasi zilizofuata zote zikawa sifuri tupu. Msimu ule sikuwa na vipimo vya msingi, nilikuwa na nakala thelathini za nahodha.

Wapo pia wanaojiharibia kwa makusudi. Wanajifanya wazito wa kukumbuka sasa ili wakigongwa baadaye tofauti isionekane. Ukiona kijana anayefaulu masomo yake anakumbuka maneno mawili kati ya kumi, mpime tena siku nyingine, faraghani.

3. Mwandae mchezaji. Apumzike angalau dakika 10 baada ya kukimbia au kucheza, kwa sababu mazoezi yenyewe huleta uchovu, joto la kichwa na kizunguzungu. Kocha atoke chumbani, na wachezaji wenzake pia. Mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba hakuna jibu la kufaulu wala la kufeli.

4. Ajaze mwenyewe dalili 22. Kila dalili inapewa 0 hadi 6: 0 haipo kabisa, 6 ni kali mno. Kwenye kipimo cha msingi anajibu jinsi anavyojisikia *kwa kawaida*. Baada ya kugongwa anajibu jinsi anavyojisikia *sasa hivi*. Watu wengi huchanganya hapo, na hawajui wamechanganya. Mchezaji anakumbuka kichwa kilivyouma jana usiku anaandika 5, wakati saa hii ni 1.

Sasa maneno yenyewe, maana ndipo Kiswahili chetu kinapotutega. Fomu inatofautisha vitu ambavyo sisi mara nyingi tunavipa jina moja.

"Kizunguzungu" kwetu kinabeba mambo matatu: chumba kuzunguka, miguu kuyumba, na giza la ghafla ukiinuka. Fomu ina mstari wa kizunguzungu na mwingine wa kukosa mizani. Mimi huuliza: "Kichwa kinazunguka hata ukiwa umekaa, au ni miguu inayoyumba ukisimama?" Jibu la kwanza linakwenda mstari wake, la pili mstari wake, na akisema yote mawili, anajaza yote mawili.

"Ukungu" ni mtego mwingine. Mstari mmoja unahusu macho, maandishi kufifia. Mwingine unahusu akili kufunikwa, kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi mzito. Ukisema tu "unaona ukungu?" atajaza la macho, na la akili litapita bila kuonekana.

Kuumwa kichwa si sawa na kichwa kujaa au kubana. Uchovu, kusinzia na kukosa usingizi ni mistari mitatu tofauti. Mtu anaweza kusinzia mchana kutwa na usiku akakodoa macho. Kwa upande wa hisia, "hasira za karibu" inaeleweka na kila mtu, na "machozi ya karibu" pia. Andika maelezo yako kwenye kadi, ukubaliane na wenzako, na kila mpimaji asome yale yale bila kuongeza. Ukibadilisha maneno katikati ya msimu, mabadiliko ya alama ni yako wewe, si ya ubongo wa mchezaji.

Mwisho wa orodha kuna maswali madogo yanayorukwa sana: dalili zinazidi akitumia mwili? Zinazidi akitumia akili? Na kama mia kwa mia ni kuwa mzima kabisa, yeye yuko asilimia ngapi? Usiyaruke. Anayejiweka asilimia 70 huku amejaza sifuri zote amekwambia jambo.

Karatasi ikirudi, pitia kila mstari kabla hajaondoka. Nafasi tupu si sifuri.

5. Gawanya dalili kwenye vikapu. Mimi hutumia vitano:

- Kichwa na maumivu: kuumwa kichwa, kichwa kubana, shingo, kichefuchefu, mwanga, kelele (mistari 6, juu kabisa 36)
- Mizani na macho: kizunguzungu, macho kufifia, kukosa mizani (mistari 3, juu kabisa 18)
- Fikra: kuwa mzito, akili kufunikwa, kutojisikia sawa, umakini, kumbukumbu, kuchanganyikiwa (mistari 6, juu kabisa 36)
- Usingizi na nguvu: uchovu, kusinzia, kukosa usingizi (mistari 3, juu kabisa 18)
- Hisia: machozi ya karibu, hasira za karibu, huzuni, wasiwasi (mistari 4, juu kabisa 24)

Jumlisha kila kikapu, kisha gawanya kwa idadi ya mistari yake. Usipogawanya, vikapu vyenye mistari 6 vitaonekana vizito siku zote. Warudie wale wawili wa 24. Wa kwanza: kichwa 12, mizani 8, fikra 3, usingizi 1, hisia 0. Kwa jumla kichwa kinaongoza, lakini kwa wastani kichwa ni 2.0 na mizani ni 2.7, kwa hiyo mizani ndiyo inayomsumbua zaidi. Wa pili: kichwa 2, mizani 0, fikra 5, usingizi 7, hisia 10. Wastani wa hisia ni 2.5 na wa usingizi 2.3, vingine vyote viko chini ya 1.

Vikapu hivi si amri. Watafiti wanavipanga tofauti, na mpangilio wenyewe hubadilika kati ya mtu mzima na mtu aliyetoka kugongwa. Uchambuzi mmoja wa 2012 kwa wanamichezo wa sekondari na vyuo ulikuta kwamba baada ya jeraha, dalili za fikra, uchovu na zile zinazofanana na kipandauso zinaenda pamoja kama fungu moja, huku hisia, dalili nyingine za mwili na usingizi zikibaki mafungu yao. Kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo usishangae kikapu cha kichwa na cha fikra vikipanda kama mapacha. Chagua mgawanyo mmoja kabla ya msimu, uandike, usiubadilishe baada ya kuona namba.

Na jumla usiitupe. Dalili hizi zina mzizi wa pamoja, zikipanda mara nyingi hupanda zote, na jumla ndiyo inayouonyesha ukali huo. Ripoti vitu vitatu: idadi ya dalili (0 hadi 22), jumla ya ukali (0 hadi 132), na vikapu.

6. Pima kile asichoweza kukwambia. Dalili ni kauli ya mchezaji. Vipimo vifuatavyo vinaiunga mkono au vinaitia shaka.

*Kumbukumbu na umakini.* Unamsomea maneno kumi ayarudie, mara tatu, kisha namba kurudi nyuma, kisha miezi kurudi nyuma, na baada ya dakika zisizopungua 5 anaulizwa tena yale maneno. Hapa pia Kiswahili kina mitego yake. Ukisema "taja miezi kuanzia mwisho", wengi wataanza "wa kumi na mbili, wa kumi na moja", na hapo si miezi tena, ni kuhesabu kurudi nyuma, kazi nyepesi zaidi. Sisitiza majina: Desemba, Novemba, Oktoba. Na fomu inapouliza sasa ni saa ngapi, akisema "saa nane" mchana wakati saa yako inasoma 14:00, amepata. Nimeona fomu ambapo mchezaji alinyimwa alama hiyo na mpimaji aliyekuwa akisoma simu.

*Mizani.* Miguu mitupu, mikono kiunoni, macho yamefumbwa, sekunde 20 kwa kila mkao: miguu pamoja, mguu mbele ya mwingine kisigino kikigusa vidole, ule asioutumia kupiga mpira ukiwa nyuma, kisha mguu mmoja, ule ule asioutumia kupiga mpira. Hesabu makosa: kuondoa mkono kiunoni, kufumbua macho, kujikwaa, kuinua kisigino au vidole, nyonga kutoka nje kupita nyuzi 30, kukaa nje ya mkao zaidi ya sekunde 5. Makosa mawili kwa wakati mmoja ni kosa moja. Juu kabisa ni 10 kwa mkao, 30 kwa mikao mitatu. Kifundo kilichoteguka wiki iliyopita kitaongeza makosa bila ubongo kuhusika, kwa hiyo uliza kwanza.

*Macho na sikio la ndani.* Hapa watu hutumia VOMS, kipimo cha dalili zinazoamshwa na mwendo wa macho na kichwa, na nakuomba ufundishwe na anayejua kabla ya kuijaribu peke yako. Kabla ya kuanza anatoa alama za kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na akili kufunikwa, na baada ya kila zoezi anatoa tena. Mazoezi ni kufuata kitu kwa macho, kurusha macho kushoto na kulia, juu na chini, kutazama kitu kinachosogea puani, kutikisa kichwa huku macho yamebaki kwenye herufi (metronomu 180 kwa dakika), na kuzunguka mwili mzima huku akitazama kidole gumba chake (metronomu 50). Umbali wa macho kukutana, yaani kutoka puani hadi pale herufi inapoanza kuonekana mbili, unapimwa mara tatu kwa sentimita. 5 au zaidi inatia shaka. Dalili kuongezeka kwa alama 2 au zaidi baada ya zoezi pia inatia shaka.

Angalia sana: VOMS inatumia 0 hadi 10, ile orodha ya 22 inatumia 0 hadi 6. Kizunguzungu cha 4 huku si kizunguzungu cha 4 kule. Usizichanganye kwenye safu moja.

7. Upe upande wa hisia muda wake. PHQ-9 na GAD-7 zinauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Ukimpa siku ya pili, unapima maisha yake kabla ya kugongwa. Zitumie kwenye kipimo cha msingi, kisha kuanzia wiki ya pili. Swali la 9 la PHQ-9 linahusu mawazo ya kujidhuru. Lisome hapo hapo mchezaji akiwa mbele yako, na kama jibu si sifuri, mtaalamu anaitwa siku hiyo hiyo. Usipeleke karatasi hiyo kabatini usubiri kuingiza data Ijumaa.

8. Rudia kwa ratiba. Mara tu anapotulia siku ya jeraha, kesho yake, kisha kila siku hadi dalili zirudi kwenye msingi wake, kisha kabla ya kuruhusiwa kucheza. Jitahidi iwe saa ile ile ya siku; kipimo cha asubuhi na cha usiku baada ya mihadhara minne havifanani. Dalili ndizo za kurudia kila siku. Maneno kumi usiyarudie kila siku, atayakariri; fomu ina orodha tofauti, zibadilishe.

9. Andika kwa mistari, si kwa jumla. Kila kipimo mstari mmoja kwenye lahajedwali, kila dalili safu yake, pamoja na tarehe, saa, aliyepima, na siku ngapi tangu jeraha. Vikapu na jumla acha kompyuta ihesabu. Ukihifadhi jumla pekee, ukitaka kubadilisha vikapu mwakani huwezi. Tumia namba ya siri badala ya jina, na orodha ya majina ikae mahali pengine.

Mambo yakikwama

*Amejaza sifuri zote siku moja baada ya kuanguka vibaya.* Usibishane naye. Angalia asilimia aliyojipa, mizani, VOMS, na msingi wake: kama kwa kawaida huwa na 5, sifuri ya leo ni ya ajabu zaidi kuliko 8. Muulize anayelala naye chumba kimoja, kwa ridhaa yake. Mpelekee daktari namba zote pamoja na shaka yako.

*Jumla inashuka, kikapu kimoja kinapanda.* Mara nyingi ni hisia. Kichwa kinapoa, lakini timu imesafiri bila yeye. Ukiangalia jumla utaandika "anaendelea vizuri". Mpe GAD-7 na umjulishe daktari.

*Alama za leo ziko juu ya jana.* Uliza alifanya nini. Wataalamu wanashauri mapumziko ya kadiri kwa saa 24 hadi 48, kisha mazoezi mepesi, si kujifungia gizani. Dalili kupanda kwa alama zisizozidi 2 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, na kutulia ndani ya saa moja, ni jambo la kutarajiwa. Zikizidi hapo, apunguze na daktari ajue.

*Hakuna kipimo cha msingi.* Bado unaweza kupima. Muulize kila dalili aliyoitaja kama alikuwa nayo mwezi uliopita, uandike pembeni, na tegemea zaidi mwelekeo wa siku kwa siku kuliko namba moja.

*Kumbukumbu imepita msingi wake.* Aidha amezoea orodha, au msingi ulikuwa wa uongo. Badilisha orodha, kisha rudi kwenye karatasi ya msingi uone alipimwa lini na wapi.

*Zimepita wiki 4, dalili zipo.* Watu wazima wengi hutulia ndani ya wiki mbili hivi. Aliyepita nne anahitaji timu ya wataalamu, na hapa vikapu vyako ndivyo vitakavyowaambia waanze wapi: shingo, macho, usingizi au moyo. Mtume na chati ya vikapu vya siku zote, si karatasi ya mwisho peke yake.